Mwaka Tulioinua Motoka ya Mbio

Mumbere, mwenzangu wa garaje ya zamani, alikuja kunisalimia juma lililopita. Alitoka Kamango na mufuko wa kakao juu ya moto, ile pikipiki ya kukodi, mvi kichwa nzima, na kabla hata hajakaa akaanza kuwasimulia wateja wangu namna sisi wawili tuliinua motoka nyekundu ya Mama Kavira. Alisimulia vibaya. Alisema wazo la kukata mipira lilikuwa lake, akasema tulifika Beni kama watu wanaoenda sokoni, akasema mimi nilikalia jiwe kando ya barabara nikilia. Wateja walicheka. Nilimwacha, kwa sababu mutu aliyetoka mbali na zawadi haumukatishi neno. Mais hapa naandika mwenyewe, na hakuna wa kunikatisha, donc nitasema ilivyokuwa.

Leo mutu akiwa na motoka ya mbio ya zamani, ile ya chini, ya milango miwili, ambayo baba yake ao muzungu wa kahawa aliiacha mu hangar, akiuliza Butembo, akiuliza Beni, hata akiuliza ngambo ya mupaka kule Uganda nani anaweza kuifufua, wanamwonyesha geti ya garaje yangu. Sikusoma. Shule niliiacha ningali nahesabu kwa vidole, na wengi waliobaki darasani leo wananiita Patron. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema juu ya kuwa iko hivyo. Na wakiniuliza nilijifunzia wapi, najibu kwamba yote niliyapata katika mwaka mumoja, kwa motoka moja, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba motoka ya namna ile haupaswi kuigeuza ifanane na zingine. Mutu anayenunua motoka ya mbio na kisha anaomba ibebe makala ya kupikia, huyo alitaka camion, yaani lori, na angepaswa kusema tangu mwanzo.

Ile mwaka nilikuwa natumika kwa Muzee Nzanzu. Garaje yake ilikuwa kwenye mutelemuko nyuma ya soko ya Butembo, kuta za mbao, mabati meusi kwa moshi, na asubuhi kulikuwa na baridi ile ambayo tulikuwa tunabandika mikono kwenye radiateur ya camion yoyote iliyofika na joto. Harufu ilikuwa ya mafuta ya kuungua na ya kuni za mikaratusi kutoka nyumba za jirani. Tulikula maharagi na bugali ya muhogo mu beseni moja, juu ya kapo, kile kifuniko cha moteur, ya lori lililokufa zamani na lililobaki kuwa meza yetu, na Mumbere alikuwa anajua kukata tonge lake upande wenye maharagi mengi huku akizungumza mambo ya Mungu. Muzee Nzanzu alikula amesimama. Alikuwa mutu mufupi, mikono mikubwa, na alikuwa na sheria moja ambayo mji wote uliijua: hakuna motoka iliyotoka kwake ikiwa na urefu ilioingia nao. Alikata pineu, matairi kuukuu ya camion, kuwa mikate ya mviringo, minene, akaitia chini ya ressort, zile springi, na motoka ikasimama juu kama mutu aliyepanda ngazi. Watu wa Butembo walipenda hivyo. Kwetu hakuna anayeuliza motoka inakimbia namna gani. Wanauliza inabeba nini na inapita wapi, na kwa barabara tulizokuwa nazo, Muzee alikuwa na haki mara nyingi. Nyingi, si zote.

Mama Kavira alikuwa mujane, muuzaji wa vitambaa, mwanamuke mwembamba asiyeinua sauti. Mume wake, kabla ya kufa, alikuwa ameiacha mu hangar ya kahawa ile motoka nyekundu, iliyotengenezwa na Waingereza, na kwa miaka kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Tulipofungua mulango wa hangar, Mumbere alitaka kuweka batiri na kugeuza ufunguo papo hapo. Nilimushika mukono. Na wewe unayesoma, kama kuna ya kwako inalala mahali, nakushika mukono pia. Motoka iliyolala haiamshwi kwa ufunguo. Toa bougie zote, yaani plagi, mimina mafuta kidogo ya moteur, ya injini, mu kila tundu, iache, rudi kesho, kisha izungushe kwa mukono na ufunguo mukubwa wa chuma, polepole, ukisikiliza. Ikikataa, usilazimishe, ongeza mafuta na uende kula. Essence ya zamani, petroli iliyolala, mwaga yote, hata kama inanuka vizuri. Mipira ya frein, ya breki, ibadilishe hata kama kwa macho iko mizima, juu inavimba kwa ndani: unafinya, gurudumu linashika, unaachilia, linakataa kuachilia. Na usitupe hata kipande kimoja cha zamani kabla ya kipya kuingia na kukaa vizuri. Leo vijana wanapiga picha na simu. Mimi nilichora kwa makala juu ya ukuta wa garaje kila nati mahali ilipotoka, na Muzee akanitukana kwamba nimeugeuza ukuta wake kuwa darasa.

Kwa nini mwanamuke muuza vitambaa alihitaji ile motoka, nilikuja kujua siku aliyotualika kula kwake. Sebule ilikuwa imejaa balo za vitambaa mpaka karibu na dari, zinanuka rangi mupya, na juu ya kila kiti kulikuwa na kitambaa cheupe cha kudarizi. Picha ya marehemu ilikuwa imeegemezwa kwenye balo, si ukutani, kama mutu aliyekuja dukani na kuamua kukaa. Mimi na Mumbere tuliwekwa chumba cha pembeni, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi wa kutoka ziwa, bugali inatoa moshi. Pazia tu ndilo lililotutenga na wazee. Mule ndani alikuwa shemeji yake, Baba Ndungo wa Beni, ndugu mukubwa wa marehemu, mutu wa sauti nzito na ya polepole, ya kuzoea kusikilizwa.

"Mama Kavira, hakuna mutu anakukatalia kitu," alikuwa anasema. "Nyumba ni yako na batoto. Boutique ni yako, unaitumikisha. Kitu inatembea ni ya mwenye anaitembeza, njo namna bakubwa betu balituachia. Mais ile motoka inalala. Kitu inalala ni ya marehemu, na kitu ya marehemu ni ya bandugu yake."

"Na kama inaamuka?"

"Itaamuka namna gani? Kuku banazalia ndani."

"Shemeji, nimekuuliza. Kama inaamuka?"

Mumbere aliacha kutafuna. Tulimusikia Baba Ndungo akicheka, na si kwa ubaya, ni kicheko cha mutu aliyekwisha kushinda.

"Bon. Siku ya kuondoa matanga tutakuwa bote kwangu Beni. Kama inafika kwa miguu yake, iko yako, sitaongeza neno. Kama inafika kwa kamba, ao juu ya mugongo ya camion, tunaikata. Kila ndugu atabeba kipande yake."

"Bazee bamesikia?"

"Bamesikia," sauti zingine zilijibu.

Wazee walipoenda, Mama Kavira alikuja kutoa masahani mwenyewe. Mumbere, ambaye hakujua kunyamaza, alimuuliza kwa nini hamupi yule muzee hizo chuma akae na amani. Mama Kavira alifuta meza kwanza. "Bwana yangu alikuwa mucommerçant," alisema. "Kila kitu alinunua, aliuliza kwanza itazaa nini. Ile motoka njo kitu moja tu hakuuliza." Kisha akatuongezea samaki. Sijaoa mwanamuke wa namna ile, mais nimejenga nyumba tatu, na katika kila moja kuna mahali pa kitu kisichozaa.

Tulitumika juu ya ile motoka muda mrefu, katikati ya camion za watu, na siku moja ilikubali. Ilikohoa moshi mweupe, kisha wa bluu, kisha ikatulia na sauti ile ambayo nikiisikia hata leo naacha kuzungumza. Furaha yangu haikufika jioni. Muzee Nzanzu alizunguka motoka, akainama, akapitisha mukono chini ya tumbo lake, akasema, "Inua."

"Muzee, hii haitaki kuinuliwa."

"Nani amekuambia? Yenyewe?"

Nikalala chini nikamwonyesha. Kwa motoka nyingi, nguvu inafika kwenye magurudumu kwa viungo vya chuma. Kwa ile, Waingereza waliweka mipira minene ya mviringo kwenye zile fimbo za nyuma, ili isitetemeke. Fimbo ikikaa sawasawa, mpira unazunguka tu. Ukiinua motoka, fimbo inainama, na mpira unakunjwa kila mara gurudumu linapozunguka, kama mutu anayekunja waya mpaka ukatike.

"Katembo," Muzee alisema, na akiniita kwa jina nilijua mambo yamekwisha, "unajua barabara ya Beni, ao nikuchoree? Kuko mifereji kule, kuku ikianguka hatuione tena. Kitu inatambaa chini kama nyoka itabaki Maboya, katikati ya njia, na batu batasema ilitoka kwa nani? Inua."

"Mumuhurumie, Muzee," Mumbere alisema. "Katembo anapenda hii motoka kama fiancée. Hapendi tumuvalishe viatu ya talons."

Garaje nzima ilicheka, na mimi nikainua. Mipira minne ya pineu ya camion, miwili mbele, miwili nyuma. Tulipoitoa nje, vijana wa moto za kukodi walipiga makofi. "Sasa inafanana motoka!" mumoja alipiga kelele. Mwingine akasema ni mbuzi wa Wazungu. Mama Kavira alitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwa hivi?" Nikamwambia hapana, haikuwa hivi.

Asubuhi ya matanga tuliondoka, mimi kwenye usukani, Mama Kavira kando yangu na kitambaa cheusi, na Muzee na Mumbere nyuma yetu mu pick-up ya garaje, na kamba ndefu imekunjwa kwenye sanduku. Wakati ule mutu alikuwa anaiogopa barabara ya Beni kwa mashimo tu, si kwa bunduki. Ukishuka kutoka Butembo, hewa inabadilika, na moteur inajua mbele yako. Kule juu hewa ni nyepesi, carburateur tuliipangia hiyo. Kule chini hewa ni nzito, na ile ile carburateur inaanza kuipa moteur njaa, inapata joto, inagonga kama mutu anayebisha mulango kwa sarafu. Maboya nilisimama, nikafungua kidogo nati ya chini ya carburateur, nikasikiliza, ikaacha kugonga. Wenye motoka kama hizi mukumbuke: ukiipanga Butembo, ipange tena Beni, na ukirudi, irudishe. Wengi wanachoma piston kwa uvivu wa nati moja.

Tulipita Kabasha. Nilikuwa nimeanza kuamini. Kisha nikasikia kitu nyuma kinapiga, pu, pu, pu, kama ngoma iliyolowa mvua, na mara moteur ikapiga kelele na motoka haikuenda. Nilijua kabla ya kuinama. Mpira wa nyuma wa kuume ulikuwa umepasuka vipande. Wa kushoto ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole.

Muzee Nzanzu alishuka na kamba tayari mukononi. Hakunitazama. "Mama," alisema, "tunaivuta mpaka karibu na Beni. Mbele ya geti tunafungua kamba, tunaisukuma, inaingia. Nani atajua?"

Mama Kavira alionyesha barabara kwa kidevu. Moto zilikuwa zinapita, kila moja na abiria wawili, na kila abiria aligeuza shingo. "Hawa bote batafika Beni mbele yetu," alisema. "Weka kamba yako mahali ilitoka, Muzee."

"Tutabaki hapa, basi."

"Tutabaki."

Akaenda akaketi kwenye majani, akapanga kitambaa chake. Ninaambiwa kwamba nililia. Sikulia. Nililala chini ya motoka, nikatazama ule mukate wa pineu tulioutia chini ya ressort, mviringo, mnene, na nyuzi zake ndani kama za nguo iliyoshonwa mara nyingi, nikatazama mpira uliopasuka. Ukubwa ulikaribiana. Nilitoka chini nikasema, "Muzee, tutoe ile tuliyoweka. Ile ya nyuma miwili. Tuikate, tuifunge pale kwa fimbo."

Mumbere alisema, "Na ressort utashusha na nini? Tuko na cric moja ya kuinulia, tena mubaya."

Wanaume wa chukudu ndio walikuwa cric yetu. Walikuwa wanasukuma zile baiskeli zao za mbao, zimejaa mifuko ya makala na kabichi, na kitu chekundu kilichokwama kiliwasimamisha. Mumoja aliuliza matanga ni ya nani, Mama Kavira akamwambia, na wakaegesha mizigo bila kuombwa. Walishika matako ya ile motoka, wakahesabu, wakainua.

"Mais iko nyepesi! Kuliko bibi yangu!"

"Bibi yako asikusikie, atakukalia."

"Musicheke, mutaiangusha juu ya kijana ya batu," Muzee alisema. Kijana wa watu nilikuwa mimi, chini, natoa ressort kwa mikono yote miwili.

Nilipotoka na ile mipira na kuanza kukata, Muzee Nzanzu alininyang'anya kisu. "Lete. Wewe unakata kama mutu anapasua muhogo." Alikata mwenyewe, amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya matanga. Wa makala alitoa makala, tukawasha moto kando ya barabara, tukapasha chuma mpaka kikawa chekundu, na kwa hicho Muzee akatoboa matundu ya nati moja moja, na moshi wa pineu ukamufunika uso. Hakusema nilikuwa na haki. Alipomaliza alipima kila tundu kwa kidole, akanipa ule mpira. "Funga. Usikaze yote mara moja, zunguka." Wazo lilikuwa langu, mikono ilikuwa yake. Mumbere alishika ndoo.

Tuliposhusha motoka, mbele ilibaki juu, kwa sababu hatukuwa na wakati wa kutoa ya mbele, na nyuma ilishuka mahali Waingereza walitaka ikae. Pua juu, matako chini, kama bata anayetoka mu maji. Wa chukudu walicheka mpaka wakashikana. Mais nilipoweka vitesse, ile gia, iliondoka, na nyuma haikupiga ngoma tena. Upya wote uliondoka na mfereji wa kwanza: échappement, lile bomba la moshi, ilishika udongo, ikang'oka, ikabaki. Kutoka pale moteur ilinguruma bila kizuizi. Kuku walikimbia, watoto walitoka nyumbani, sikumusikia Mama Kavira hata alipozungumza karibu na sikio langu.

Kwa Baba Ndungo, upande wa barabara ya Mavivi, kateshisti alikuwa anasoma sala. Aliacha. Watu wote chini ya bâche, lile turubai la matanga, waligeuka, na walikuwa wanatutazama tangu mbali, juu kelele ilitutangulia. Niliingiza motoka katikati ya uwanja, nikaiacha inawaka. Baba Ndungo alisimama. Alizunguka kama Muzee Nzanzu alivyozunguka, akainama mbele, akapitisha kidole penye mutu anafungaka kamba. Vumbi lilikuwa pale lote, halijaguswa. Alijipangusa kidole.

"Imefika," alisema. Wanawake walianza vigelegele, akainua mukono wakanyamaza. "Imefika. Mais nilisema nini? Kitu inatembea ni ya mwenye anaitembeza. Huyu kijana njo anaitembeza. Kesho atarudi kwa kazi yake, na itabaki kulala. Ao wewe unajua kuiendesha, Mama Kavira? Hata mulango yake haujue kufungua."

Wazee walitazama chini, kwa sababu alikuwa amesema vile kweli, nyuma ya lile pazia nilimusikia na masikio yangu. Niliona ile motoka inakatwa vipande mbele yangu, moteur yake bado inawaka.

"Katembo," Mama Kavira alisema, "shuka."

Nilishuka. Alizunguka, akafungua mulango kwa mara ya kwanza upande ule, akaketi kwenye usukani, akakunja kitambaa chake cheusi juu ya magoti. Nilipiga magoti kando yake. Nilimwonyesha kwa mukono, juu kwa kelele ile maneno hayakufaa: muguu wa kushoto, finya mpaka chini. Niliingiza mukono nikaweka vitesse ya kwanza. Muguu wa kuume, kidogo. Sasa wa kushoto, achilia, polepole, Mama, polepole. Aliachilia haraka. Motoka iliruka kama mbuzi aliyepigwa, ikaangusha viti viwili, wazee wakatawanyika, na haikuzimika. Harufu ya embrayage, ile klachi, iliyoungua ilijaa uwanja. Alipita mbele ya Baba Ndungo, macho yake mbele, mikono yake imeshika usukani kama mutu anayeshika beseni ya maji ya moto, pua ya ile motoka inatazama mawingu, na wanawake sasa hawakungoja ruhusa ya mutu kupiga vigelegele.

Nilikimbia kando yake, nimeshika mulango. Alikuwa anaelekea geti.

"Katembo!" alipiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho nimusikie anainua sauti. "Na kusimama, nafinya wapi?"

Nilikuwa najua jibu, na pumzi ya kulisema nilikuwa nayo. Nilimwacha kwanza apite geti, Baba Ndungo akiona.